Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: lori, treni, magari na ile kura yangu

Assalaam aleikum wanachama wote, wa Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni na nyinyi wa ng'ambo Mokowe na Mpeketoni. Hii ndiyo taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenzi wa magari, lori na treni hapa Lamu, kama katiba inavyotaka. Nimeiandika mwenyewe usiku kwa simu manake katibu amesafiri na mafaili kaenda nayo, kwa hivyo makosa ya herufi mtanisamehe, makosa ya hesabu muulizeni mweka hazina.

Shughuli za kawaida mwazijua. Mikutano 9 badala ya 12, Ramadhani hatukukaa na msimu wa Maulidi pia hatukukaa, filamu 6 zimeonyeshwa ukumbini kwangu (TV ni yangu, tokeni za umeme ni zangu, kahawa ni ya nyumbani kwangu, sijisifu lakini iandikwe), fundi wa boti alikuja kuwafundisha vijana habari za injini, wagonjwa tumekwenda kuwaona, harusi 2 tumechangia. Hayo yamekwisha. Na wanaotucheka barazani ati watu wa kisiwa cha punda wakae kubishana malori na matreni, wacheni wacheke, mtu mwenye trela mlangoni kwake hana hamu nayo, sisi ndio tuna hamu.

Sasa tuingie kwenye lile jambo, najua wengine mmerukia hapa hapa.

Kila mwaka twapiga kura kipi kina nguvu zaidi, gari, lori au treni, na upande ulioshinda ndio unaochagua safari ya chama. Mwaka huu tulikuwa 28. Magari 6, lori 11, treni 11. Nikapiga kura ya uamuzi, treni ikashinda. Tangu siku ile kuna watu hawaniamkii. Wanasema mwenyekiti kapiga mara mbili. Ndiyo, nimepiga mara mbili, sijakataa. Kifungu cha 9 kinasema kura zikilingana mwenyekiti ataamua, hakikusema mwenyekiti ambaye hajapiga, na kifungu hicho nilikiandika mimi kwa mkono wangu tulipoanzisha chama kwa hivyo najua nilichokusudia kuliko mtu aliyejiunga juzi na bado hajalipa.

Lakini sikuamua kwa kupenda tu, niliamua kwa hoja, na kwa vile siku ile sikupewa nafasi ya kumaliza kuongea kwa makelele nitamalizia hapa.

Chama chetu ni cha nguvu, si cha mbio. Vijana wa magari kila siku Bugatti, Bugatti. Sawa, Bugatti yao ya Chiron ina nguvu za farasi 1,500, na mwaka 2019 moja iliyotengenezwa maalumu ilifika kilomita 490 kwa saa kule Ujerumani, nani abishe. Lakini ile nguvu ya kuzungusha, mafundi huiita toku, Bugatti ina nyutoni-mita 1,600. Chukua lori, Scania ya injini ya V8 yenye farasi 770, yani farasi nusu tu, yenyewe ina 3,700. Farasi ni wachache lakini wanajua kuvuta, kama punda wetu wa kubeba matofali ukimlinganisha na farasi wa kupigia picha. Mwingine akaniletea gari la Thrust SSC, ile iliyopita mbio za sauti huko jangwani Nevada mwaka 1997, kilomita 1,227 kwa saa. Bwana, ile imefungwa injini mbili za ndege, magurudumu yake hayasukumi chochote, yanaviringika tu. Ile ni ndege iliyokatazwa kuruka.

Hapo watu wa lori walipiga makofi wakidhani nawasaidia wao.

Wakaleta BelAZ 75710, lile lori la Belarus la migodini linalobeba tani 450 kwa safari moja. Ni lori kubwa wallahi. Ila someni vizuri linavyofanya kazi. Injini zake mbili za dizeli, farasi 2,300 kila moja, hazigusi magurudumu, zazungusha jenereta, umeme ndio unaokwenda kwenye mota za magurudumu. Na hiyo ni mbinu ya nani? Ya kichwa cha treni! Treni nyingi za dizeli zinafanya hivyo kitambo, manake mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha pale pale inapoanza, mzigo ukiwa umesimama, na ndipo unapoihitaji. Kwa hivyo hata lori lenu kubwa kuliko yote limeazima kwa treni na halijarudisha, kama wanachama fulani na mikopo ya chama.

Na mkitaka mzigo, tarehe 21 Juni 2001 huko Australia Magharibi walifunga mabehewa 682 ya mawe ya chuma, vichwa 8, dereva mmoja, jumla tani 99,734. Urefu wake ulipita kilomita 7, yani mkia uko jeti ya Lamu, kichwa kimefika Shela kimerudi na bado. Leteni lori.

Halafu likaja suala la filamu, na hapa ndipo palipochafuka. Tuliona Unstoppable, ile ya 2010 ya Denzel Washington, treni inakimbia bila dereva. Ilipokwisha watu wa lori wakasimama kwa furaha wakasema mmeona, mwisho ni pikapu ndiyo iliyomchukua yule kijana mwenzake Denzel ikamkimbiza mpaka mbele akarukia kichwa, kwa hivyo gari la tairi ndilo lililoshinda treni. Mimi nikasema hiyo ni filamu, kisa chenyewe kilitokea Ohio tarehe 15 Mei 2001, mabehewa 47, treni ikaenda zaidi ya kilomita 100 peke yake. Na pikapu hiyo haikuwako. Kilichoizuia ni treni nyingine iliyoifukuzia kwa nyuma, ikajifunga mkiani ikaibana breki mpaka ikashuka kama kilomita 18 kwa saa, mzee mmoja wa reli akakimbia kwa miguu yake pembeni akapanda akaizima. Treni imezuiwa na treni. Na mkitaka filamu basi tuseme filamu, Back to the Future ya tatu, gari la DeLorean limeishiwa mafuta na lataka kufika kilomita 140 na kitu kwa saa, limesukumwa na nini? Sisemi tena.

Kuna waliosema napendelea kwa sababu ya utoto wangu. Hilo kidogo ni kweli na nitalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Mimi nimekulia Mombasa kwa mjomba, na nimeziwahi zile treni za mvuke za Garratt za daraja la 59 kabla hazijaondolewa, zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, 34 zote, kila moja na jina la mlima, tani 250 na zaidi juu ya reli yenye upana wa mita moja tu, hakuna treni ya mvuke iliyokuwa nzito kuliko hizo kwenye reli ya upana ule. Ikiondoka na mzigo kupanda bara ulikuwa unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Moja, namba 5918 Mount Gelai, ipo jumba la makumbusho ya reli Nairobi, nendeni mkaishike chuma chake halafu mje mniambie habari za lori.

Safari basi. Tulikwenda Miritini, Mombasa, kuona SGR, ile reli ya kisasa, watu 14. Watu wa lori walitaka twende bandari mpya ya Lamu kuangalia matrela na makreni, ati ni karibu na ni bure. Ni kweli ni karibu, ndiyo maana hakuna haja ya kuifanya safari ya mwaka, siku yoyote mtu avuke aende. Tulivuka Mokowe alfajiri, tukapanda matatu ya kukodi, tukafika tukiwa hoi. Treni ya abiria tuliiona ikiondoka, nzuri, safi, haina makelele mengi. Lakini ile ya makontena ilipopita nilihesabu mabehewa mpaka arobaini na kitu, mtu akanisemesha nikapoteza hesabu. Macho yaliniwasha, ni vumbi.

Kurudi, baada ya Garsen dereva alitoka lami kidogo watu wajisaidie, matatu ikazama mchangani. Ndiyo, tulitolewa na lori. Lori la mchanga, kamba moja, dakika tano. Picha imeshazunguka magrupu yote na mwenye kuituma namjua. Niseme hivi tu, treni yenyewe hubeba mchanga makusudi, kuna kisanduku kinachomwaga mchanga mbele ya magurudumu yasiteleze kwenye reli, kwa hivyo kilichotushinda sisi kwa treni ni dawa.

Pesa. Tulianza mwaka na 8,250. Wanachama kwenye daftari ni 43, ada 200 kwa mwezi, ilitakiwa tupate 103,200, tumepata 37,400. Deni lenu ni 65,800. Safari ilikula 31,500, viti na mahamri na kuchapisha 9,800, zimebaki 4,350. Kuna anayesema safari ndiyo iliyomaliza chama. Safari haikumaliza chama, 65,800 ndiyo iliyomaliza chama. Na kwenye safari niliongeza 6,000 mfukoni mwangu, sidai, lakini kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema ahsante kaka. Waliopiga kelele zaidi juu ya kura nimewaangalia kwenye daftari, wa lori 11 waliolipa mwaka mzima ni 2. Wa treni ni 4, si wengi, najua, na sisi tujirekebishe.

Mahudhurio ndiyo kabisa. Siku ya filamu ukumbi haupumui, watu mpaka dirishani, wengine siwajui wametoka wapi. Siku ya mkutano wa hesabu tulikuwa 5, na wawili nina hakika walifuata mahamri. Mtu anakuambia mwenyekiti nilikuwa na udhuru, jioni ile ile unamkuta jeti anacheza bao. Mimi nimeshika hiki kiti mwaka wa saba sasa, hakuna aliyegombea nami, na kila nikisema nataka kupumzika watu wanaangalia chini.

Mwaka ujao inshallah tunatarajia kununua projekta tukipata, tutafute mfadhili akipatikana, na tufikirie jinsi ya kuwaleta kina dada ambao wameshauliza mara mbili tatu kujiunga. Kuna ile reli iliyopangwa pamoja na bandari, ya kutoka hapa Lamu kwenda Isiolo mpaka Sudan Kusini na Ethiopia, ikijengwa siku moja chama hiki ndicho kitakuwa na watu wa kuipokea, nimeshaanza kuandika hotuba. Kura ya mwaka ujao kifungu cha 9 tutakijadili, nimekubali, ila wa kukijadili ni aliyelipa ada.

Ada zipelekwe kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi, asipewe mtoto abebe. Na aliyeondoka na rimoti ya TV usiku ule wa filamu airudishe, hata akiiacha kwenye baraza yangu alfajiri aende zake, sitamuuliza ni wa lori au wa treni.