Barua kutoka Kildare: Sikukuu ya Brigid

Kildare, Ayalandi
3 Februari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi ni mzima, ila baridi haijatuachia. Uliniuliza kama ni kweli huku wapo watu wanaoadhimisha miungu ya kale. Niliona nisikujibu mpaka niione Imbolc kwa macho yangu.

Sikukuu hiyo huanza jioni ya tarehe 31 Januari na kuendelea hadi Februari Mosi, wakati kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Mwenye siku ni Brigid, na hapo ndipo penye utamu wa habari: kwa wapagani ni mungu wa kike wa ushairi, uganga na uhunzi, kwa Wakatoliki ni mtakatifu aliyeanzisha monasteri hapa hapa Kildare. Gerald wa Wales, aliyeandika katika karne ya 12, anasimulia kwamba masista 19 walilinda moto wa Brigid kwa zamu, na usiku wa 20 wakamwachia Brigid mwenyewe. Moto huo ulikuja kuzimwa, na mwaka 1993 masista wa shirika lenye jina lake wakauwasha tena. Sasa unatunzwa katika kituo chao cha Solas Bhríde, ambako mgeni hupokelewa awe na dini au asiwe nayo.

Kazi ya mkesha ni kusuka msalaba kwa nyasi ndefu za kinamasi, ambazo hung'olewa kwa mkono wala hazikatwi kwa kisu. Unasimamisha unyasi mmoja, unakunja wa pili katikati na kuukumbatisha kwenye ule wa kwanza, unazungusha robo duara, kisha unakunja mwingine juu yake, hadi kati panatokea mraba uliobana na mikono minne unayoifunga ncha kwa uzi. Wewe uliyekua na ukili mkononi ungewapita wote tuliokuwa mezani. Msalaba hutundikwa juu ya mlango ili kuikinga nyumba na moto. Wapagani wengi huuona kuwa gurudumu la jua. Mimi naona dai hilo linazidi ushahidi wake, ingawa sikubishana na mtu.

Usiku huohuo kitambaa huachwa nje ili Brigid akipite na kukibariki, kisha hutunzwa kwa ajili ya maumivu ya kichwa na ya uzazi. Tangu mwaka 2023 serikali nayo imeipa sikukuu hii siku ya mapumziko, ya kwanza nchini humu kupewa jina la mwanamke, na kwa kawaida huwa Jumatatu ya kwanza ya Februari.

Kuhusu swali lako, jibu si moja. Wapo wanaomwomba Brigid kama mungu aliye hai, na wapo wanaosema kwamba kwao yeye ni jina tu la majira yanayogeuka. Nao husuka meza moja na bibi wa Kikatoliki mwenye rozari shingoni. Msalaba wangu, uliopinda kidogo, nimekutumia kwa posta.

Wako akupendaye daima.