Ghorofa zipimwe kuanzia ukuta wa shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu uendelezaji upya wa Kariakoo na Ilala, ambako nyumba za vyumba sita zenye ua nyuma zimekuwa zikibomolewa kupisha majengo yenye maduka chini, stoo katikati na makazi juu.

Sipingi ghorofa. Jiji linalotanuka hadi Chanika na Kibamba huku soko na ajira vikibaki Kariakoo linawachosha watu barabarani, na kuwasogeza karibu na shughuli zao ni busara. Ninachopinga ni mchoro unaoiona shule iliyopo kuwa kiwanja kilichokwisha kujengwa na kuipita. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa nyumba za chini. Kila sakafu ya makazi inayoongezwa huleta familia, na familia huja na watoto, ilhali eneo la shule halikui hata kwa hatua moja. Darasa la msingi linakusudiwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 kila mzazi wa mjini anajua idadi hiyo imebaki kwenye karatasi. Anayeomba kibali cha ghorofa kumi aeleze, pamoja na maegesho, watoto wa wapangaji wake watakaa dawati lipi.

Kuna pia suala la fremu za maduka zinazojengwa kando ya kuta za shule. Pango lake husaidia kununua chaki na kulipa mlinzi, sibezi hilo. Lakini fremu huja na vyake: spika inayotangaza bei chini ya dirisha la darasa la tatu, bidhaa zilizotandazwa hadi barabarani, fuso linaloshusha marobota saa ileile zamu ya asubuhi inapotoka. Ilala ina Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, wanakosoma pia watoto wasioona. Kwa mtoto anayetafuta njia kwa fimbo nyeupe, robota moja juu ya njia ya miguu ni ukuta.

Kwa hiyo mchoro uanzie shuleni. Fremu ziwe upande wa barabara kuu pekee, migongo yake ikizuia kelele, na lango la wanafunzi lielekee mtaa wa ndani ambao malori hayaingii saa za masomo. Majengo yanayopakana na uwanja wa michezo yawe mafupi, yale marefu yasogee mbali, na uwanja wenyewe usimegwe kwa kisingizio chochote. Hili la umbali si la mandhari tu. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na watoto waliokuwa wakicheza jirani walikuwa miongoni mwa waliofukiwa na kifusi. Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka, safari hii Kariakoo, na watu wakazikwa tena.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe. Tangazo kwenye ubao wa halmashauri hawalioni wengi; naomba michoro ya maeneo yanayozunguka shule ibandikwe shuleni kwenyewe, na mpima au mpangamiji aje kuieleza kwenye kikao cha wazazi kabla kibali hakijatolewa.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam