Bia Yetu Mpya ya Kahawia: Si Kali, na Isinywewe Barafu

Wateja wakiona rangi ya bia hii kwenye glasi, swali la kwanza ni kama ni kali. Hapana. Kilevi chake ni asilimia 4.7. Rangi inatokana na jinsi kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kilivyokaushwa na kukaangwa, wala haihusiani na ukali.

Tumefuata mtindo wa kaskazini mwa Uingereza, uliojulikana kupitia Newcastle Brown Ale tangu 1927: si tamu sana, na ina ladha ya karanga na mkate uliookwa ukaiva vizuri.

Kwa kila lita 100 tunatumia kilo 18 za kimea cheupe cha Maris Otter (aina ya shayiri ya Uingereza), kilo 1.8 za kimea cha kristali (kinachotoa utamu wa karameli), nusu kilo ya kimea cha kahawia na gramu 700 za kimea cha chokoleti, kilichokaangwa hadi kuwa cheusi na ambacho hakina chokoleti ndani. Hicho cha mwisho ndicho cha kuchungwa: ukikizidisha maradufu, bia inaacha uchungu wa majivu kooni. Vyote hulowekwa saa moja kwenye nyuzi 67. Zikishuka hadi 63, sukari nyingi mno hugeuka kilevi na bia huwa chapwa. Zikifika 70, inabaki nzito na tamu kupita kiasi. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ni za aina ya East Kent Goldings: gramu 180 mwanzo wa kuchemsha, 50 zikibaki dakika 10. Hamira hugeuza sukari kuwa kilevi kwenye nyuzi 19, kisha tunaiacha siku tatu zaidi ili iondoe harufu ya siagi inayojitokeza bia ikichacha. Kuharakisha hapo ni kuharibu kazi yote.

Sasa upande wako. Ukiulizwa "baridi au ya moto?", kwa bia hii majibu yote mawili hayafai. Ikitoka tu kwenye friji ya nyuzi 4, harufu haipandi na ladha ya kimea inajificha. Ya moto, kwa joto la Dar es Salaam, hutoa gesi yote mara moja na utamu wake hukinaisha. Itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kunywa, ifike nyuzi 10 hadi 13. Gesi yake ni kidogo kwa makusudi, usidhani imeharibika. Inakwenda vizuri sana na nyama choma.

Ihifadhi gizani. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga, si wote. Jua likiipata, viambata vya hopsi huvunjika na bia hunuka kama kicheche. Ukikuta kreti imeanikwa juani nje ya duka, usinunue, hata kama ni yetu.