Kaka, mama hakucheleweshwa

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, na kwenye grupu la ukoo nikiandika unanyamaza. Basi naandika hapa, utakapoona utaona.

Ile jioni baada ya kuzika, watu wamejaa mikekani chini ya turubai, mimi napita na sinia la chai, ukauliza kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwa jirani: "Mlisubiri nini mpaka mguu ukanuka?" Baba mkubwa akainamisha kichwa. Nikaendelea kugawa chai. Tangu hapo nalala na swali hilo, naamka nalo.

Tulisubiri hela, kaka.

Kadi ya bima ya kazini kwako inakubeba wewe, wifi na wategemezi wanne, na Mungu amekujalia watoto wanne. Ungemtoa yupi ili mama aingie? Sijawahi kukulaumu kwa hilo. Mama mwenyewe alikuwa akitukemea, "Mwacheni mwanangu, ana watoto wa kusomesha." Alikupenda mno, na unajua. Ila wewe ambaye nafasi zilikuishia, ungemuuliza taratibu yule aliyebaki na mgonjwa chumbani. Ungeniita pembeni.

Huku Mbagala dawa ya presha tunanunua kwa kuhesabu vidonge. Jana chakula kimetoka, unakatiwa kumi. Mvua imenyesha wateja hawakuja, unakatiwa vitatu. Insulini inataka ubaridi, na chumba chetu unakijua kikipigwa na jua la Februari, kwa hiyo chupa ilikaa kwenye friji ya jirani anayeuza barafu. Umeme wake wa LUKU ukiisha, nami roho juu. Hayo sikuwa nakupigia simu kukusimulia. Ungefanyaje, na uko mbali?

Kidonda kilianzia kwenye mkanda wa ndala. Sukari ilishamtia ganzi miguuni siku nyingi, hakusikia chochote. Alikuja kuona ndala inateleza, kutazama, damu. Zahanati wakasema kisafishwe kila siku. Daladala hawezi kupanda, ni bajaji kwenda na kurudi, na bandeji juu yake. Faida yote ya sufuria la wali inaishia hapo. Tukawa tunaenda leo, kesho tunaruka, na siku ya kuruka nasafisha mwenyewe kama nesi alivyonionyesha. Uliambiwa nilikuwa napika badala ya kukaa naye. Ni kweli nilikuwa napika. Nisingepika, bajaji ingelipwa na nani?

Unasema wazee wanatibiwa bure. Sera inasema hivyo, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza asilipe. Nilifuata barua serikali ya mtaa, mwenyekiti hayupo, nikarudi tena. Hospitali nikapanga foleni ustawi wa jamii, wakatupa msamaha, na daktari tukamwona bila kulipa, nawashukuru. Kufika dirisha la dawa, dawa za kuchoma hakuna, kanunue nje. Cheti nilikishika mkononi nimesimama mbele ya famasi, mama kwenye bajaji, dereva anauliza kama tunaendelea au tunashuka.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni 2023. Mama aliisikia redioni akauliza itafika lini huku kwetu.

Na usinikataze tena kukopa. Kausha damu naijua kuliko wewe, yule kijana anapita kila jioni na daftari lake, mpaka leo anapita. Hela ile ndiyo iliyomlaza mama wodini. Wewe ukiona mtu anakopa kwa riba ya namna ile, usimhubirie, muulize kwanza anauguza nani.

Halafu akafa, na ndani ya siku mbili michango ikamiminika. Jeneza zuri, basi, wapishi, sare. Ni watu wale wale ambao nilipoandika kwenye grupu kuhusu dawa waliniwekea alama ya mikono ya kuomba. Na wewe ulituma nyingi kuliko wote, kaka, nilijivunia jina lako liliposomwa. Nikaingia ndani nikalia kwa hasira.

Sasa nasikia hela iliyobaki unataka kuwekea kaburi marumaru kabla ya arobaini. Mimi sikubali. Mama mdogo ana sukari ile ile, na wiki iliyopita nimemkuta anapima dozi kwa kukisia kwa sababu vipimo vya kuchomea kidole vimemwishia. Hela hiyo ninunue vipimo na insulini yake, risiti nitazipiga picha nikutumie zote. Kaburi nitalipalilia mwenyewe.

Ukija arobaini, kaa pale pale ulipokaa, mweleze baba mkubwa kwamba mama aliuguzwa. Sema kwa sauti ile ile. Chumba chako nimekifagia, watoto waje na masweta, siku hizi alfajiri kuna kaubaridi.