Kwa Sele, kabla hujavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo

Mbagala, Dar es Salaam

Kaka Sele,

Salamu nyingi. Huku wote wazima. Jumapili nilimpitia mama, magoti yamepoa kidogo, anauliza lini utarudi.

Nina deni lako tangu uliponipigia ukiwa na lori lako kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, ukasema hip-hop ya siasa imekwisha, wamebaki watu wa kulalamika. Simu ikakatika nikiwa na la kusema bado.

Zipo nyimbo za namna hiyo zinazonichosha hata mimi. Mtu anataja mabeberu na Benki ya Dunia mara kumi, wimbo ukiisha huna sura ya binadamu hata mmoja kichwani. Lakini nataka umsikilize Baloji, rapa wa Kongo. Alizaliwa mwaka 1978 Lubumbashi, mji unaoujua kuliko mitaa ya hapa kwetu. Baba yake akampeleka Ubelgiji angali mdogo, akakulia Liège, mama akabaki. Hata jina lake utalitambua: ni walozi wetu hawa hawa, ila kule "wa" inageuka "ba" na "zi" inakuwa "ji".

Ukubwani, baada ya miaka zaidi ya ishirini bila kuonana, alipata barua ya mama yake ikimuuliza muda wote huo amefanya nini. Akamjibu kwa albamu nzima, Hotel Impala. Hapo ndipo aliponikamata, kaka. Wengine wanaeleza pengo la Ulaya na Afrika kwa mahesabu. Yeye analipima kwa miaka ambayo mama hakumwona mwanawe.

Kisha akaenda Kinshasa kurekodi na wanamuziki wa kule. Akauchukua "Indépendance Cha Cha", ule ambao Grand Kallé na bendi yake ya African Jazz waliutoa Brussels Januari 1960, viongozi wa Kongo wakiwa mezani na Wabelgiji kudai uhuru. Ni wimbo wa furaha tupu, majina ya viongozi yanaimbwa kama ya mabwana harusi, Lumumba akiwamo. Uhuru ukaja Juni 30. Januari iliyofuata Lumumba akauawa, nje kidogo ya Lubumbashi hiyo hiyo. Nusu karne baadaye Baloji akauacha muziki uendelee kuchezeka vilevile, na juu yake akaghani habari za kilichofuata sherehe. Akaupa na jina la Kiswahili: Siku ya Baadaye. Mwili unataka kucheza, maneno yanakuzuia. Mimi sijasikia malalamiko ya namna hiyo.

Na wewe, Sele, ndiye unayebeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi hadi bandarini hapa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchi ile, inakwenda kuwa betri za simu na za magari ya umeme ambayo wachimbaji hawatayapanda. Uliniambia mwenyewe habari za yule kijana mwenye vumbi la mgodi, aliyekuomba lifti afike tu Zambia, ukamwacha barabarani kwa sababu hakuwa na karatasi. Mzigo ulikuwa na karatasi zote. Umenisimulia hilo mara mbili, na mara zote mbili sauti yako ilibadilika. Je, ulikuwa unalalamika?

Kinachoniuma ni lugha. Baloji anaghani Kifaransa, na mimi nimeyapata maneno yake kwa kuulizauliza. Utingo wako si mtu wa Likasi, huko huko Kongo? Mwombe akutafsirie mstari kwa mstari mkiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, muda mtakuwa nao. Nyimbo zake nimezitia zote kwenye memori kadi, nimempa shemeji akuwekee kwenye begi. Anza na ule wa Siku ya Baadaye, usianze na mwingine.

Ukishausikia nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Ndugu yako,
Iddi