Kadi ya GB 64 inaonyesha 59: hatujakupunja

Wiki iliyopita mteja alirudi dukani amekasirika, kadi ya kumbukumbu ya kamera mkononi. "Nimelipia GB 64, kompyuta inaniambia 59. Tano zangu ziko wapi?" Si wa kwanza. Haupiti mwezi bila mtu kutuita wezi kwa ajili ya hizo tano, na inatuuma, kwa hiyo leo tunaeleza.

Kiwandani, GB moja ni baiti bilioni 1. Kompyuta ya Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambayo inazidi bilioni 1. Kadi ni ileile, kipimo ndicho kimebadilika. Kadi halali ya 64 itaonyesha 59, ya 128 itaonyesha 119. Hakuna aliyemega kitu.

Kadi ya kuogopa ni ile ambayo haina dalili yoyote. Kijana mmoja mpiga picha, mteja wetu wa miaka, aliona GB 128 yetu ni ghali. Akanunua kando ya barabara hapa Kampala, jina kubwa lilelile limeandikwa juu, shilingi 25,000. Kompyuta ikasoma 119, akaridhika. Jumamosi akaenda nayo Bombo kwenye nikahi. Kila akibonyeza, picha inatokea kwenye kioo cha kamera kama kawaida.

Jumatatu alifika kwetu kabla hatujafungua mlango. Picha kama mia tatu za mwanzo zilifunguka vizuri: bibi harusi na hina yake, shangazi wanapiga vigelegele. Zilizofuata, majina ya faili yapo, ukifungua ni kijivu kitupu. Bwana harusi anatia sahihi, mama anamkumbatia binti yake, vyote havipo.

Ilibidi tumwambie ukweli. Ndani ya kadi ile mlikuwa na GB 8 tu, na kidhibiti chake, yaani chipu inayoiendesha, kimefundishwa kudanganya kwamba ni 128. Zikijaa nane, inaendelea kupokea na kutupa. Picha uliyofuta kwa bahati mbaya mara nyingi tunairejesha, mradi uache kupiga mara moja usije ukaandika juu yake. Picha ambayo haikuandikwa tangu mwanzo hairejeshwi na programu yoyote. Kijana alirudisha malipo yote ya shughuli ile. Kwa pesa hizo angenunua kadi zetu kadhaa.

Ndiyo maana kadi haitoki kwetu bila kupimwa. Tunaijaza yote kwa programu ya H2testw, kisha inasomwa upya mwanzo hadi mwisho. Kadi moja inaweza kula nusu saa, kubwa zaidi ya hapo, na ikishindwa haifiki kabatini. Mnaposema jirani anauza nusu bei, muulizeni kama ameijaza hata mara moja.

Jambo la pili ni kasi. Namba kubwa iliyoandikwa mbele, kama MB 100 kwa sekunde, kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Kamera inahitaji ya kuandika. Tafuta alama ndogo juu ya kadi: U1 inahakikisha angalau MB 10 kwa sekunde, U3 au V30 angalau MB 30. Kwa picha za familia U1 inatosha, usilipe zaidi. Anayerekodi video ya 4K kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, asishuke chini ya V30, la sivyo kamera itakata katikati ya hotuba. V90 ni ya kamera chache sana. Ukiiomba, tutakuuliza kwanza unapigia nini.

Njoo na kamera yenyewe. Ya zamani yenye alama ya SDHC inaishia GB 32, na tumekwisha kumkatalia mtu 128 akiwa na pesa taslimu mkononi. Kadi ya simu ndani ya adapta inasomeka, lakini adapta iliyolegea imeshatuletea vilio vingi. Ukishahamisha picha, fomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, na usichomoe kadi taa ikiwa bado inawaka.

Kama una kadi uliyonunua kwingine na unaitilia shaka, ilete, tutaipima kwa shilingi 5,000. Hamisha picha zako zote kwanza, maana kipimo hiki kinaijaza kadi mpaka mwisho.