Barua kwa mwanangu Zuhura: toka nje uione Berlin

Lindi, Desemba

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo, mama yako mguu umepata nafuu, anatembea mpaka kisimani. Hofu ni juu yako wewe.

Salum ameniambia kwamba tangu baridi ianze huendi popote isipokuwa chuo, dukani na kurudi chumbani. Nilimuuliza mara ya pili kama amesikia vizuri. Halafu nikarudi kwenye picha ulizotuma: meza ileile, kikombe kilekile. Mama yako anazitazama anasema umependeza. Mimi natazama nyuma yako, naona pazia limefungwa, na picha umeipiga saa nane mchana. Kwa nini pazia limefungwa, mwanangu?

Najua mwezi huu jua la huko linazama kabla ya saa kumi jioni. Ndiyo maana nasema toka asubuhi. Usisubiri joto, maana ukilisubiri utakaa ndani mpaka Aprili. Vaa lile koti, vaa soksi juu ya soksi, ujifunge skafu, utoke. Mtu akishinda ndani na usiku ukamkutia humo humo, siku imekwisha hajaliona jua, na kesho yake kutoka kunakuwa kugumu zaidi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Masomo yako sina wasiwasi nayo.

Uko huko tangu Oktoba na hujaenda kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kilimani kwetu Lindi. Hili limeniuma, sikufichi. Mtoto wa Lindi, uko Berlin, na mjusi wetu yuko mji huohuo! Panda treni ya chini ya ardhi ya U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum, makumbusho yapo hapo karibu. Jumatatu hawafungui. Utamkuta kwenye ukumbi mkubwa, amesimama, kimo chake mita 13.27. Usipige picha mlangoni ukaondoka. Sogea mpaka kwenye mguu wa mbele, utazame ule mfupa wa juu peke yake: unapita mita 2, mrefu kuliko mimi na kofia yangu. Ukiutazama, kumbuka kwamba mifupa ile ilitoka kule kilimani ikafika bandarini kwetu ikiwa vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, watu kwa mamia, nchi ikiwa haijapona vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wasomi waliotumwa kutoka Berlin, Janensch na Hennig, walipata sifa duniani. Nataka usome vibao vyote vilivyomo humo ukumbini, uniambie jina la Boheti limeandikwa wapi na kwa herufi za ukubwa gani. Watu wanalumbana kila mara kama mjusi arudi au abaki. Mimi ninataka kwanza mtu wa nyumbani kwangu awe amemwona kwa macho yake.

Ukitoka hapo, kama miguu bado inakubali, tafuta Brunnenstraße, nyumba namba 193. Inamisha macho chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Utaona kibao kidogo cha shaba kimezamishwa kati ya mawe, hakizidi kiganja. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alichukuliwa jeshini na Wajerumani akiwa bado mtoto, wakati wa vita vya kwanza. Mwaka 1929 akahamia Berlin, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944. Watu wanapita juu ya kile kibao kila siku. Wewe simama, umsomee Fatiha.

Sachsenhausen yenyewe iko nje ya mji, Oranienburg, treni ya S1 inafika. Huko usiende peke yako, na usiende siku ambayo moyo umechoka. Ngoja upate rafiki wa kwenda naye, au uache kabisa mpaka majira yabadilike.

Lango la Brandenburg, mnara wa televisheni, makumbusho ya kisiwani, hayo utayaona tu, huwezi kuishi Berlin usiyaone. Jengo la Pergamon limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, usipoteze safari, ila jirani yake, Neues Museum, ndimo ilimo sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Kupanda kwenye kuba la kioo la bunge ni bure, lakini lazima ujiandikishe kabla na uende na pasipoti. Ukuta wa Berlin, nenda Bernauer Straße uone ulivyogawa mtaa, upande huu ndugu na upande ule ndugu, kuanzia Agosti 1961 mpaka Novemba 1989. Ile sehemu yenye michoro ya rangi kando ya mto, inayopita kilomita 1, ni nzuri kwa picha. Hapo piga picha utume, hata nyingi.

Lakini pale unapohisi kuta za chumba zinakubana, nenda Tempelhof. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa mwaka 2008, na tangu 2010 wameuacha wazi kwa watu. Njia za kurukia ndege zimebaki vilevile, watu wanatembea juu yake, wanaendesha baiskeli, wanarusha tiara. Anga lote juu yako, hakuna jengo linalokuziba. Na karibu na hapo, Neukölln, kuna Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu, yule naibu waziri wa enzi za Mwalimu! Mtaa huo ulikuwa na jina la Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyemnyonga Abushiri kule Pangani mwaka 1889. Walibadilisha mwaka 2021. Na kwenye kitongoji cha Wedding, mwaka 2024, barabara iliyopewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu, sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nimefundisha historia hiyo maisha yangu yote kwa chaki na ubao. Wewe unaweza kuishika nguzo ya kibao cha mtaa kwa mkono wako, na umekaa chumbani.

Hata Potsdam iko palepale. Salum anasema tiketi yako ya chuo inakufikisha huko bila kuongeza senti, kwa hiyo habari ya nauli usiniletee. Bustani za Sanssouci kutembea ni bure. Kaburi la mfalme Frederick liko hapo, na watu huliwekea viazi mbatata, kwa kuwa ndiye aliyewahimiza wakulima wake wavilime. Mama yako amelipenda sana jambo hilo, amewasimulia majirani wote.

Nimejivuna kwa ajili yako sokoni na msikitini, na nitaendelea kujivuna. Wajomba zako waliuza korosho wakachangia nauli yako, nao wananiuliza Berlin ikoje, ninajibu kwa mambo ya vitabuni kwa sababu wewe hujaniambia kitu. Ninajua kitabu ni mazoea. Ninajua pia ni nani aliyekuwa akikuita urudi mezani wenzako wakiteremka pwani. Sasa huyohuyo anakuambia funga kitabu, vaa viatu.

Malipo ya korosho ya mnada wa mwisho hayajaingia, chama cha msingi wanasema wiki ijayo. Yakiingia tunaezeka jiko la nje, mabati ya zamani yanavuja mpaka kwenye mapipa ya unga. Fundi anataka fedha yote mkononi kabla ya kuanza, nimekataa, nitampa nusu. Bi Mwanaidi amefiwa na kaka yake, tafadhali mpigie umpe pole, alikuulizia. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja mama yako amesema ni wako.

Jumamosi nenda kwa mjusi. Nipigie ukiwa humo ndani, usingoje kurudi chumbani. Salum ataniwekea bando, na nitakaa karibu na simu kuanzia adhuhuri.

Wako,
Baba